Hospisi ya hisani Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wanaofikiria kuanzisha hospisi ya hisani Moshi na vijiji vinavyoizunguka, na pia kwa ndugu wanaouguza mtu wao na wanataka kujua sisi wahudumu wa hospisi tunafanya nini. Maswali tumeyakusanya kwenye vikao, kwenye simu na nje ya makanisa na misikiti watu wakitoka ibada. Ada na fomu za serikali hubadilika, kwa hiyo ulizia ofisi husika kabla hujalipa chochote.

## Mambo ya msingi

Hospisi ni nini hasa?

Ni huduma kwa mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, pamoja na wale wanaomuuguza. Wahudumu wanaondoa maumivu, wanatuliza kichefuchefu na kuhema kwa shida, wanasafisha vidonda, wanamsikiliza mgonjwa akitaka kuzungumza, na hawakati mguu kwa wafiwa mara tu mazishi yakiisha. Tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa mateso ya ugonjwa mzito, ni pana zaidi: inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa unapogunduliwa, mgonjwa akiwa bado anapata mionzi au dawa za saratani. Hospisi ni kipande chake cha mwisho.

Wengi wakisikia hospisi huwaza jengo lenye vitanda. Huku kwetu sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani kwa mgonjwa, na sababu zake ziko kwenye swali la jengo hapo chini.

Mgonjwa akiandikishwa kwenu, si ni kusema amekatiwa tamaa?

Hapana, ingawa tunajua hofu hiyo inatoka wapi. Familia nyingi zimeshaambiwa "mpelekeni tu nyumbani", zikaondoka na karatasi ya ruhusa na panado chache. Huko ndiko kukatiwa tamaa. Mgonjwa wa hospisi anatembelewa, ana namba ya kupiga usiku, na dawa yake inalingana na maumivu yake. Akipata nafuu ya kurudi kliniki, anarudi, nasi tunafurahi kumfuta kwenye daftari.

Ni kwa wagonjwa wa saratani tu?

Saratani ndiyo inayoleta wengi: ya mlango wa kizazi kwa akina mama, ya tezi dume kwa wazee, na ya umio, ambayo mikoa yetu ya kaskazini inaifahamu vizuri mno. Mgonjwa wa umio huanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha mtori, mwishoni hata maji. Ila mlango uko wazi pia kwa wenye figo zilizofeli ambao hawamudu kusafishwa damu, wenye moyo uliochoka, wenye UKIMWI uliofika mbali, na waliopooza kwa kiharusi wasio na matumaini ya kunyanyuka.

Watoto nao wapo. Kumhudumia mtoto kunahitaji mafunzo ya peke yake, na kikundi kipya kisijitie kifua mbele kabla hakijayapata.

Moshi kuna KCMC, kuna Mawenzi. Hospisi ya nini tena?

KCMC imekuwepo tangu 1971 na inapokea wagonjwa kutoka kanda nzima. Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Zote mbili zina watu wanaojua kazi yao. Lakini hospitali ina kuta. Mama aliyeko Uru juu au Kibosho, asiyeweza kukaa kwenye kiti cha daladala kwa maumivu ya nyonga, hawezi kuja kliniki kila wiki kuchukua chupa ya dawa. Anayekwenda ni mwanawe, na daktari anabaki kumtibu mtu asiyemwona. Hospisi inafanya kazi kati ya lango la hospitali na kitanda cha mama huyo. Isipopatana na hospitali haitafika popote.

Haya mambo si ya Wazungu? Sisi tunauguza wazee wetu wenyewe.

Mfumo wa kisasa ulianzia London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Hilo ni kweli. Harare ilikuwa na hospisi mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990, Kampala mwaka 1993. Hapa jirani, Hospitali ya Selian iliyoko Ngaramtoni, Arusha, imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na uzoefu huo ukasambaa kwenye hospitali nyingine za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Chama cha tiba shufaa cha bara zima la Afrika nacho kilizinduliwa Arusha, mwaka 2004. Ukitaka kujifunza, nauli ya basi inatosha.

Na hilo la kuuguza wenyewe: mara nyingi "sisi" huyo ni binti mmoja aliyeacha kazi Dar akarudi kumlea mama, halafu kaka zake wanapiga simu jioni kuuliza hali. Hospisi nzuri inamwangalia huyo binti karibu sawa na inavyomwangalia mgonjwa.

## Kuanza

Tuanze na kiwanja, au tukodi jengo kwanza?

Wala hili wala lile. Hapa ndipo tunapobishana na kila kamati mpya, na tutaendelea kubishana.

Jengo lina mvuto. Linapigwa picha, lina jiwe la msingi, mheshimiwa anakata utepe. Baadaye linaanza kula. Wiki ina saa 168. Muuguzi akifanya kazi saa 45 kwa wiki, unahitaji wauguzi wanne ili awepo mmoja tu usiku na mchana, na hapo hujahesabu likizo, msiba wala yeye mwenyewe kuugua. Ongeza mpishi, mfuaji wa mashuka, mlinzi, maji, jenereta la siku umeme unapokatika. Vitanda vitano vinaweza kumeza fedha ambazo zingefikisha huduma kwa kaya tele za Pasua, Njoro, Majengo na Soweto.

Jengo pia linampeleka mgonjwa mahali asipopataka. Wengi wa huku wanataka kufia nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, walikozikwa baba zao, wakisikia sauti za watu wao. Hata Hospice Africa Uganda, ambayo leo inafundisha watu kutoka nchi nyingi, ilianza mwaka 1993 katika nyumba ya kuazima kwenye Hospitali ya Nsambya.

Anza na chumba kimoja cha ofisi, kabati la chuma lenye kufuli mbili, simu isiyozimwa na usafiri. Pikipiki inatosha hadi masika yaanze. Mvua zikikolea, njia za mlimani zinateleza kama sabuni, hapo utahitaji gari la kuazima au utatembea. Vitanda vifikirieni baadaye, mtakapokuwa na orodha halisi ya wagonjwa wasio na nyumba wala mtu wa kuwageuza.

Tunahitaji watu gani?

Muuguzi mmoja mwenye mafunzo ya tiba shufaa, wa kudumu na wa kulipwa. Daktari anayekubali kuandika dawa na kupokea simu, hata kama ni mwajiriwa wa hospitali jirani. Mtu mmoja wa hesabu. Wengine wanaweza kuwa wa kujitolea: mchungaji, padre, shehe, mama wa jumuiya, wahudumu wa afya ya jamii ambao tayari wanajua kila mlango wa mtaa.

Usimtegemee muuguzi wa kujitolea kwa kazi ya msingi. Atakuja kwa moyo wote miezi ya mwanzo, kisha ajira itatoka mkoa mwingine na atakwenda, kwa haki yake kabisa, na wagonjwa wataachwa katikati.

Tuhudumie eneo gani?

Dogo kuliko mnavyotamani. Manispaa ya Moshi na kata za jirani zinatosha mwaka wa kwanza. Simu kutoka Rombo na Same zitakuja, na kuzikataa kunauma. Ila muuguzi aliyekwenda Tarakea asubuhi hatakuwepo mgonjwa wa Njoro akizidiwa mchana. Wa mbali waelekezeni hospitali za huko, kama Huruma kwa Rombo, na zungumzeni na daktari wa huko mapema.

Tusajili wapi?

Kwa wengi njia ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, iliyo chini ya wizara ya Maendeleo ya Jamii. Unaweza kusajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Kwa kawaida utaombwa katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye saini, wasifu na picha za viongozi, na barua ya Afisa Maendeleo ya Jamii. Mfahamu afisa huyo kabla hujamhitaji. Baada ya hapo kuna ripoti ya kila mwaka na ada, na mashirika mengi madogo hufia hapo kwa uzembe tu.

Mkitaka kumiliki ardhi kwa jina la taasisi, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husajili bodi ya wadhamini. Taasisi za dini mara nyingi zina bodi tayari, na kuanza chini ya mwavuli wa dayosisi au jimbo kunaokoa muda mwingi. Gharama yake ni kwamba maamuzi yenu yatapita kwenye vikao visivyo vyenu.

Usajili huo unatosha kuanza kutibu?

Hautoshi. Usajili wa shirika hauwapi ruhusa ya kuendesha kituo cha afya. Kituo binafsi, hata cha hisani, kinasajiliwa kwa utaratibu wa Wizara ya Afya, na pa kuanzia ni kwa Mganga Mkuu wa halmashauri. Muuguzi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari ya baraza lake. Njia fupi kwa waanzao ni kuwa tawi la huduma za nyumbani la hospitali iliyokwisha kusajiliwa, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nani anawajibika kwa lipi.

Rafiki zetu wa nje wanataka kutununulia kiwanja na kuja kujitolea.

Washukuruni, kisha waambieni mambo mawili. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja kiwe cha taasisi yenu. Ujanja wa kukiandika jina la ndugu wa mjumbe umeshazaa kesi nyingi. Pili, mgeni anayekuja kufanya kazi, hata bila mshahara, anahitaji vibali, na mtaalamu wa afya anahitaji pia ruhusa ya baraza la taaluma yake. Halafu kuna lugha. Mzee wa Old Moshi anayeumwa usiku hatajieleza kupitia mkalimani wa miaka ishirini. Mgeni afundishe wahudumu, au asaidie hesabu.

## Dawa na maumivu

Mofini si dawa ya kulevya?

Ni dawa inayodhibitiwa, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahusika nayo. Ni dawa muhimu pia, na kwa maumivu makali ya saratani haina mbadala rahisi. Mgonjwa anayeipata kwa kipimo kwa ajili ya maumivu hageuki teja. Mwili wake utaizoea, kwa hiyo isikatishwe ghafla, lakini huko si kuisaka mitaani.

Ya kunywa ndiyo tunayotumia nyumbani. Ni maji machungu yanayopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa 4. Saa haina mjadala: ukisubiri maumivu yarudi ndipo umpe, utakuwa unayakimbiza siku nzima. Siku za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, na hivyo kwa kawaida hupungua. Choo kigumu hakipungui. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ile ile, kwani tumeona wagonjwa wanaokataa mofini kwa sababu ya choo peke yake.

Lakini jirani yetu alipewa mofini, akafa wiki hiyo hiyo.

Alipewa akiwa amechelewa. Huku mofini huletwa siku za mwisho kabisa, kisha inalaumiwa kwa kifo kilichokuwa mlangoni. Ikianza kwa kiasi kidogo na kupandishwa taratibu, chini ya daktari, haimharakishii mtu kufa. Na kwa wanaouliza kwa sauti ya chini: hapana, hatumdungi mtu ili afe, hata akiomba. Si halali, na si kazi yetu. Anayeomba hivyo mara nyingi ana maumivu ambayo hayajatulizwa au anaona amekuwa mzigo, na hayo yote mawili yana la kufanya.

Tutaipata wapi, na nani anaandika?

Kikundi kipya kisitafute njia yake. Patana na hospitali ambayo tayari ina kibali, ambayo daktari wake anaandika na famasia yake inatoa. Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Usiichukulie sheria ya jirani kuwa ya kwako. Kwetu tunapanga kazi tukijua anayeandika ni daktari.

Kila chupa iingie kwenye daftari, kwa saini mbili: iliyotoka, iliyobaki, iliyorudi. Mgonjwa akifariki, kilichobaki kirudishwe na kihesabiwe. Familia ielezwe hilo siku ya kwanza, kwa sababu kuidai chupa kwenye msiba bila kuwa mmewahi kuizungumzia ni aibu kwa wote.

Mgonjwa ana kidonda chenye harufu, watu hawaingii chumbani. Tufanyeje?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na huenda ndilo linalotesa kuliko yote. Harufu hutokana na bakteria kwenye nyama iliyokufa. Safisha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakishapoa, kisha nyunyiza unga wa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa, kama muuguzi atakavyoelekeza, na ufunike kwa kitambaa safi. Ni dawa ya bei nafuu inayojulikana kila duka la dawa, na kwa wengi siku chache huleta tofauti ambayo familia nzima inaiona: wajukuu wanarudi kukaa kitandani.

Vidonda vya kulalia vinazuiwa kwa kumgeuza kila saa 2, kumkausha na kunyoosha shuka. Kinywa kisafishwe hata kama hali tena. Asiyetaka chakula asilazimishwe. Tunajua kumwona mama akikataa mtori ni vigumu, lakini mwili unaofunga kazi hauna njaa kama ya kwetu.

## Fedha

Huduma ni bure kweli?

Kwa mgonjwa, ndiyo. Familia inayofikia hospisi kwa kawaida imeshauza ng'ombe, mbao, pengine na kipande cha shamba. Anayeweza kuchangia achangie, ila risiti itoke na muuguzi asiguse fedha nyumbani kwa mgonjwa. Hata ya soda au nauli. Ni sheria ngumu kwa wenyeji wa Kichagga ambao hawajui kumwachia mtu aondoke mikono mitupu, kwa hiyo ndizi tunapokea.

Fedha zitoke wapi?

Wafadhili wa nje wanapenda miaka mitatu na miradi yenye mwisho; kifo hakina mradi. Mshahara wa muuguzi tafuteni hapa hapa: sadaka maalumu ya mwezi, vikundi vya akina mama, wafanyabiashara, na watoto wa Kilimanjaro walioko Dar na ng'ambo. Desemba wote wanarudi nyumbani, na kikao kimoja kilichoandaliwa vizuri kabla ya Krismasi kinaweza kuzidi barua nyingi za kuomba msaada. Msiba pia hufundisha. Watu wanaochanga kwa siku tatu fedha za jeneza, mahema na chakula wanaweza kuelezwa kwamba sehemu ndogo ya hizo, ikitoka miezi miwili mapema, ingemlaza marehemu bila maumivu. Sema hivyo kwenye kikao cha kawaida, si msibani.

Usajili hauwapi msamaha wa kodi wenyewe. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa kwa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Hata mkiipata, kodi ya mishahara na michango ya hifadhi ya jamii inabaki.

Tunaruhusiwa kutumia picha za wagonjwa kuomba michango?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile nyeti. Ridhaa lazima iwepo. Sisi tunakwenda mbali zaidi: hatupigi kabisa. Mtu anayetegemea dawa yako hana uhuru wa kukukatalia picha. Piga picha pikipiki iliyokwama matopeni; inachangisha vizuri tu.

## Mambo magumu

Ndugu wanasema mgonjwa asiambiwe anaumwa nini.

Hutokea karibu kila nyumba. Tusiwavunjie heshima kwa kuwapita, na tusimdanganye mgonjwa. Muuguzi anaanza kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe: "Baba, wewe unauonaje ugonjwa huu?" Mara nyingi anajua, naye anawaficha watoto. Anayesema hataki kujua aachwe. Anayeuliza moja kwa moja ajibiwe, polepole, na mtu anayempenda akiwa karibu.

Mgonjwa ameacha dawa, amekwenda kwenye maombi au kwa mganga.

Mwaka 2011 foleni za magari zilifika Samunge, Loliondo, kufuata kikombe cha dawa ya miti cha "Babu", mchungaji mstaafu, na waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa. Usigombane na matumaini ya mtu. Mwombe tu asiache dawa ya maumivu, uliza anakunywa nini ili kisigongane na dawa, na uendelee kumtembelea. Ukimfokea, siku atakayozidiwa hatapiga simu.

Mgonjwa anataka muuguzi amwandikie wosia.

Asiandike, asishuhudie, asitunze. Masharti ya mashahidi yanatofautiana kati ya wosia wa kimila, wa Kiislamu na wa sheria ya nchi, na ugomvi wa kihamba unaweza kudumu kuliko hospisi yenyewe. Mwelekezeni kwa wakili, msaada wa kisheria au RITA, ambayo pia hutunza wosia. Fanyeni mapema, akili ikiwa timamu na mofini ikiwa imeshazoeleka mwilini, kusije kukasemwa aliandika akiwa amelewa dawa.

Akifia nyumbani usiku, tunafanya nini?

Hakuna haja ya kukimbiza mwili hospitali ili utamkwe umekufa, kama kifo kilitarajiwa na karatasi za mgonjwa zipo. Piga simu ya hospisi. Asubuhi mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ajulishwe kwa ajili ya kibali cha mazishi, na kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30. Kwa Waislamu wanaozika siku hiyo hiyo, barua ya hospisi yenye utambulisho wa ugonjwa iwe tayari wiki za mwisho, isianze kutafutwa alfajiri. Muuguzi arudi tena baada ya matanga.

Fedha zikikatika wagonjwa wakiwa bado mikononi mwetu?

Mpango wa kufunga uandikwe kabla ya kufungua. Wekeni akiba ya mishahara isiyoguswa, hata ya miezi mitatu. Ikianza kuguswa, acheni kuandikisha wapya siku hiyo hiyo, na wote waliopo wakabidhiwe kwa hospitali mnayoshirikiana nayo, kwa majina, dawa na vipimo, huku muuguzi wenu akimpeleka muuguzi wao nyumba kwa nyumba. Daftari la mofini lifungwe kwa saini za pande zote mbili. Kipengele hiki kiwe ndani ya makubaliano yenu na hospitali tangu mwanzo, na kamati isiyotaka kukijadili isipewe wagonjwa.